Nimeenda kuangalia pampu ya mavi Tottenham, na nitarudi

Sijakosea kuandika. Jumapili shemeji kanikokota mpaka Markfield Park, bustani ya huko Tottenham, kaskazini mwa London, eti twende tukaone injini ya mvuke, mi nikajua mambo ya treni, kumbe mtambo wa kusukuma majitaka ulioanza kazi 1888!! Kuingia bure, ukijisikia unachangia.

Jamani ule mtambo ni mzuri. Nguzo za chuma zina nakshi utadhani za ikulu, na yote hiyo kwa ajili ya kinyesi. Siku wanayowasha mvuke (si kila siku, ulizia kwanza, la sivyo utakuta chuma kimelala tu) boriti kubwa inapanda na kushuka taratibu, haipigi kelele kama nilivyotegemea, inahema tu kama mzee anapanda ngazi.

Wanaojitolea pale wanajua kuelezea bwana. Nilichoelewa mimi ni hivi, Tottenham enzi hizo ilikuwa nje ya mpaka wa London, kwa hiyo mabomba makubwa ya majitaka ya mhandisi Bazalgette, yaliyojengwa baada ya ule uvundo wa mto Thames wa 1858, hayakuwahusu, halafu zikaja treni za asubuhi za nauli ya chee za wafanyakazi, watu wakamiminika, nyumba zikajengwa fasta fasta, sasa mavi yaende wapi? Mto Lea. Watu wa Hackney, huko chini mto unakoelekea, wakapiga kelele weee. Ndo ukawekwa huu mtambo, nguvu za farasi 100, unainua mpaka galoni milioni 4 kwa siku. Ulipiga kazi mfululizo mpaka kama 1905, baada ya hapo ukawekwa akiba ya kusukuma maji ya mvua, mpaka 1964! Hapo kwenye mvua nilicheka peke yangu, maana kwetu Dar mvua ikishika tu kuna watu wanatapisha vyoo usiku usiku, wenzetu wanawasha moto wa boila.

Ila shemeji ni nesi, akanikata maneno. Akasema usidhani bomba lilimaliza kila kitu, joto la 1911 Uingereza na Wales walikufa watoto wachanga 130 kwa kila 1,000, mwaka wa nyuma yake walikuwa 105, na ongezeko hilo hasa ni kuhara, nzi wa kwenye samadi ya farasi na maziwa yaliyoharibika. Mi ningetamani siku moja wamweke mtu wa afya aongee hayo pembeni ya mafundi.

Nyota nne na nusu. Nje yale matangi ya zamani ya kuchujia sasa hivi vijana wanapigia skeiti na kuchora kuta, mwanangu kagoma kuondoka, tukaishia kunywa kahawa palepale jirani na pampu ya mavi, na ilikuwa tamu tu.