Seti ya modeli za misuli: nunua mkono, uzi utafakari kwanza

Seti hii shule na vyuo vya Kigoma hupata kwa kuagiza, ikafika kwa treni au basi ndani ya boksi moja. Mna vitu vitatu: mkono wa plastiki wa ukubwa halisi wenye misuli ya kubandua, kipande cha uzi wa msuli (yaani seli moja ndefu ya msuli) kilichokuzwa mara 10,000, na mkono wa mbao wenye mipira ya kuvuta. Bei hatuiandiki hapa kwa sababu inapanda na kushuka na nauli. Swali letu ni moja: mwalimu wa Biolojia au mkufunzi wa wauguzi akiiweka mezani, nini kitaeleweka na nini kitapotoshwa?

Mkono ndio wenye thamani. Umeshikizwa kwa pini za chuma, na misuli mikubwa inatoka bila kutumia bisibisi: deltoidi ya begani, baisepsi mbele, traisepsi nyuma. Ukitoa baisepsi unakuta brakialisi, pana na fupi, imelala juu ya mfupa. Hapo modeli inalishinda bango lolote la ukutani. Mabangoni baisepsi ndiyo inayosifiwa, kumbe kazi kubwa ya kukunja kiwiko inabebwa na huyu wa chini asiyeonekana. Vichwa viwili vya baisepsi navyo vimetengenezwa vizuri. Kirefu kinapanda kwenye mfereji wa mfupa na kupita juu ya kiungo cha bega, kifupi kinashika kwenye ncha ya kombe la bega.

Kasoro iko chini. Kwenye seti tuliyoikagua, kano ya baisepsi imepigiwa pini kwenye alna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Si mahali pake. Baisepsi inashika radiasi, mfupa wa upande wa dole gumba, na ndiyo maana inakunja kiwiko na pia inageuza kiganja kitazame juu. Jaribu mwenyewe: kunja kiwiko, shika baisepsi kwa mkono wa pili, kisha geuza kiganja kama mtu anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia. Utaisikia inajaa. Mwanafunzi anayeamini pini ya modeli hawezi kulieleza jambo hilo. Dawa ni rahisi: toboa tundu la milimita 3 kwenye radiasi, upande wa ndani chini kidogo ya kichwa chake, uhamishie pini huko, na la zamani uzibe kwa gundi ya plastiki.

Pini ikishakaa mahali pake, toa rula. Kutoka katikati ya kiwiko hadi kano inaposhika ni kama sentimita 4. Kutoka kiwiko hadi katikati ya kiganja ni kama 35. Mtu akishika dumu la lita 5 za maji huku kiwiko kimekunjwa kwa pembe mraba, misuli ya mbele inavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 44, na hapo uzito wa mkono wenyewe haujahesabiwa. Mwili umekubali hasara hiyo ili upate mwendo: msuli ukifupika sentimita moja tu, kiganja kinapanda karibu tisa.

Kwa wauguzi, deltoidi ya modeli hii inatosha kufundishia sindano ya msuli. Pima vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, katikati ya unene wa msuli. Kisha geuza mkono uone neva ya radiasi inavyozunguka nyuma ya mfupa. Imechorwa kwa rangi ya njano, na inaonyesha wazi kwa nini sindano inayoshuka chini mno ni hatari.

Sasa uzi. Kipande hiki ndicho kinachopendeza wageni wa maabara, na ndicho kinachohitaji mwalimu makini zaidi. Kiko sahihi kwenye mambo kadhaa: viini vingi vya seli vimewekwa pembeni chini ya utando, na mitokondria, sehemu zinazotengeneza nishati ya seli, zimepangwa kati ya vijiuzi vilivyojaa ndani ya uzi. Lakini kwa kuwa kimeandikwa mara 10,000, hakina pa kujificha, maana kila mikromita halisi inapaswa kuwa sentimita moja. Sarkomea, yaani pingili moja ya kijiuzi inayojirudia, kwenye msuli uliotulia ina mikromita 2 hadi 2.5, kwa hiyo kwenye modeli ingekuwa milimita 20 hadi 25. Rula inasema 35. Huo ni uzi uliovutwa kupita kiasi, ambao nyuzi zake nyembamba na nene zimeachana kiasi kwamba nguvu imeshapungua sana. Ila aliyeuchonga amezionyesha zimeingiliana kama za uzi uliotulia. Vipimo vya modeli vinapingana na umbo lake.

Kosa la pili ni la mirija midogo inayopeleka ishara ya umeme kutoka utandoni hadi ndani ya uzi. Imewekwa kwenye mstari wa Z, mpaka kati ya sarkomea moja na nyingine. Kwa chura ni sawa. Kwa binadamu mirija hiyo inapita pale ukanda mweusi (wenye nyuzi nene) unapokutana na mweupe (wenye nyembamba peke yake), kwa hiyo kila sarkomea inapata mbili. Inaelekea mchoraji alinakili kitabu cha zamani.

Tena modeli haisogei, na hili si kosa la mtengenezaji peke yake. Kiini cha somo ni kwamba msuli unafupika bila nyuzi nyembamba na nene zilizo ndani yake kufupika. Aktini, protini ya nyuzi nyembamba, inateleza juu ya miosini, protini ya nyuzi nene; ukanda mweusi unabaki na urefu uleule, ule mweupe ndio unaopungua. Wazo hili lilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine. Chanuo mbili zinalieleza kuliko plastiki hii: ingiza meno ya moja kati ya meno ya nyingine, zisukume zikutane. Meno hayajafupika, lakini migongo ya chanuo imekaribiana.

Lebo za uzi nazo zinaruka hatua. Mwisho wa neva upo, vifuko vya kalsiamu vipo, basi. Mwalimu ajazie mwenyewe. Neva inamwaga asetilikolini, kemikali inayoupa msuli ishara, umeme unakimbia kwenye utando na kushuka kwenye mirija, vifuko vinaachia kalsiamu, kalsiamu inashika troponini (protini iliyo juu ya aktini), tropomiosini iliyoifunika aktini inasogea, na vichwa vya miosini vinapata pa kushika aktini. Wanafunzi wengi huandika kwamba ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ndiyo inayovuta. Nguvu inatoka kwake, ndiyo, lakini ATP mpya inapokishika kichwa cha miosini, jambo la kwanza inalofanya ni kukiachisha. Mgebuka aliyelala mwaloni Kibirizi saa kadhaa akakakamaa kama ubao ni ushahidi wa kutosha: ATP imekwisha, vichwa vimeng'ang'ania. Baadaye protini zinapoanza kumeng'enywa, samaki analegea tena. Kimeng'enya kinachoisafisha asetilikolini pia hakikuwekewa lebo, na Kigoma ya wakulima hilo ni pengo, kwa kuwa dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti zinakizuia kimeng'enya hichohicho, ndipo misuli ya aliyepata sumu inapoanza kurukaruka kisha kuishiwa nguvu.

Kwa ukuzaji huo, uzi wa sentimita 30, na mapajani wapo wa urefu huo, ungeanza stesheni ya Kigoma ukashika njia ya Ujiji kilomita 3 nzima. Mfano huu waambie wanafunzi. Modeli inawafanya wadhani uzi ni kidude kifupi kinene.

Mkono wa mbao hauna haja ya maneno mengi. Unaonyesha kwamba misuli hufanya kazi kwa jozi, mmoja ukivuta mwenzake unalegea. Lakini mpira huvuta ukishavutwa, wakati msuli huvuta ukishaamrishwa, na hausukumi kamwe. Fundi seremala yeyote wa Mwanga, mjini Kigoma, atautengeneza.

Badala ya uzi na mbao, nunua kuku. Bawa bichi, likiwa halijakakamaa au likishalegea, livue ngozi kwa mkasi kuanzia begani. Kwenye kipande cha juu kuna msuli mbele na mwingine nyuma. Tenganisha kwa ncha butu, usikate kano. Vuta wa mbele kwa kibano, kiwiko kinakunjika. Vuta wa nyuma, kinanyooka. Mguu wa kuku uliokatwa kwenye kifundo ni bora zaidi: tafuta kano nyeupe nyuma, uzivute, na vidole vinakunja ngumi. Kosa linalotokea mara nyingi ni kukata ala inayozizunguka kano, zikatoka pembeni na kupoteza mvuto.

Kwa darubini, chukua kipande cha nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, kama punje ya mchele, uichambue kwa sindano mbili kwenye maji ya chumvi gramu 9 kwa lita, funika kwa kioo. Kwenye ukuzaji wa mara 400 mistari inaonekana. Kipande kikiwa kinene utaona giza tu. Angalizo: zile nyuzi zinazokwama kwenye meno baada ya kula nyama si nyuzi za msuli mojamoja, ni vifungu vyake, uzi mmoja una upana wa mikromita 10 hadi 100.

Muuzaji akikubali kugawa seti, chukua mkono peke yake. Omba vidole vifungwe kwa gazeti na kiganja kitolewe kwenye pini kabla ya safari, maana hapo ndipo panapovunjika, na hesabu pini zote mbele yake kabla hujasaini: kwenye boksi tulilofungua, mbili hazikuwemo.