Nimemaliza Mass Effect mara tatu, na ule mzani wa wema ndo ulikuwa unaniharibia

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo naongelea Mass Effect Legendary Edition, ule mzigo wa gemu tatu ndani ya pakiti moja, na najua kuna mtu hapo ashaanza kucheka, we jamaa gemu ya 2007 ndo unatuletea leo? Naileta. Nimeimaliza mara tatu sasa, na hii ya tatu ndo nimeanza kuielewa, halafu kuna kitu kimenikaa rohoni lazima nikitoe. Tahadhari mapema, ntataja nani anakufa na nani anapona, kwahiyo kama hujaicheza na una mpango wa kuicheza, simamisha video hapo hapo, kacheze, utanikuta.

Haraka haraka kwa wageni. Ya kwanza ilitoka 2007, ya pili 2010, ya tatu 2012, zote ni za kampuni ya BioWare, halafu 2021 wakazikusanya zote tatu pamoja na nyongeza zake karibu zote, wakazing'arisha, wakatuuzia tena. We ni Kamanda Shepard, mwanajeshi, una meli yako inaitwa Normandy, galaksi imejaa viumbe wasiopatana, na kuna mashine za zamani zinaitwa Reapers zinakuja kufagia kila chenye akili. Basi. Mambo ya risasi leo siyagusi sana, ya kwanza bado ina uzito fulani mkononi hata baada ya marekebisho na lile gari la Mako bado linarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, lakini inachezeka.

Utamu uko kwenye seivu, yaani kumbukumbu ya mchezo wako. Unachofanya gemu ya kwanza kinakufuata ya pili, kinakufuata mpaka ya tatu. Umemuua mtu kwenye ya kwanza, miaka inapita, unafika ya tatu unakuta kwenye kiti chake kakaa mtu mwingine kabisa, na huyo mtu mwingine ni mpumbavu, na ni wewe umemweka pale.

Sasa kuna ule mzani. Ukifanya jambo la kiungwana unapata alama za bluu, Paragon. Ukifanya jambo la kibabe unapata nyekundu, Renegade. Na kwenye mazungumzo, kile kiduara cha majibu, jibu la upole linakaa juu, la ukali linakaa chini, kila siku, hakibadiliki.

Raundi ya kwanza nilikuwa malaika. Namsikiliza kila mtu, nasamehe kila mtu, yule malkia wa rachni, viumbe kama wadudu, kule sayari ya Noveria nikamwachia aende zake, kwenda mbele nikawaponya krogan, jamii ya viumbe wapiganaji, ule ugonjwa wao wa uzazi. Nikajiona mtu wa maana kweli. Baadaye ndo nakuja kujua hatuko wachache, mwaka 2020 mmoja wa watu waliofanya kazi kwenye gemu hizi aliandika kwamba kama asilimia 92 ya wachezaji walikuwa Paragon, na takwimu walizotoa wenyewe baada ya Legendary Edition zikaonyesha asilimia 96 waliwaponya krogan. Asilimia 96 bana! Watu hawakubaliani hata kwenye chai iwe na sukari kiasi gani, hapa wote tumekuwa kitu kimoja. Hapo nikaanza kushtuka kidogo, maana uamuzi ambao karibu kila mtu anaufanya sawasawa, huo ni uamuzi au ni njia ya kupita tu?

Raundi ya pili nikasema sasa naenda nyekundu. Nikachukua Shepard wa kike, sauti ya Jennifer Hale, na ntasema ukweli wangu, Mark Meer, sauti ya Shepard wa kiume, yuko poa ila Hale akiwa mkali unakaa vizuri kwenye kiti. Mstari ule ule, ukiusikia kwake una kisu ndani. Halafu gemu ya pili ndo ilileta vile vitufe vya kukatiza, mtu anaongea, kinawaka chekundu kwenye skrini, una sekunde mbili ubonyeze au uache. Kuna askari wa kukodi pale unapoenda kumchukua mwanakikosi wako Thane, kasimama mgongo kwenye dirisha ghorofani huko juu anakuletea maneno ya kibabe, nikabonyeza, Shepard kamsukuma nje ya kioo kama anafunga mlango. Nilicheka kama mwehu, nikarudisha seivu nikamsukuma tena.

Lakini baada ya masaa kama kumi nikagundua sichezi. Mtu anaanza kulia shida zake, mi mkono ushashuka chini kwenye jibu kali kabla hajamaliza sentensi. Sisomi. Na nikikumbuka vizuri, raundi ya kwanza nilikuwa vile vile, tofauti mkono ulikuwa unapanda juu. Yaani niliamua mara moja tu siku ya kwanza, kwamba leo mi mwema, au leo mi mbaya, na masaa mia moja yaliyofuata nilikuwa natekeleza.

Na hili sio kosa langu peke yangu, mfumo wenyewe unakulipa ukifanya hivo, hasa gemu ya pili. Pale majibu yale ya nguvu, ya kumshawishi mtu, yanafunguka kulingana na alama ulizokusanya ukilinganisha na ambazo ungeweza kukusanya, kwahiyo ukichanganya, leo umemhurumia huyu kesho umemkalia kooni yule kwa sababu kila mmoja alistahili lake, unaishia na mizani miwili yote nusu nusu. Halafu inakuja siku wanakikosi wako Miranda na Jack wanataka kuuana ndani ya meli, au Tali, wa jamii ya quarian, kamshika Legion, mashine ya geth, anatuma taarifa za meli za watu wake, na jibu la kuwapatanisha liko pale kwenye skrini limefifia, halibonyezeki. Unachagua upande, mwingine anakununia. Mtu aliyefikiria kila jambo kivyake anaadhibiwa, aliyebonyeza juu toka asubuhi mpaka jioni bila kusoma anapewa zawadi. Mi hapo ndo gemu ilipoanza kuniudhi.

Raundi ya tatu basi nikajiwekea sheria. Ukurasa wa alama siufungui. Kurudisha seivu hakuna, liwalo na liwe. Na kila jibu nasoma kwanza, nikikasirika kweli najibu kwa hasira, nikiona huruma naonea huruma.

Wadau, Wrex alikufa.

Kwenye gemu ya kwanza, sayari ya Virmire, Wrex, krogan wa kikosi chako, anakuelekezea bunduki kwa sababu unataka kulipua tiba ya watu wake. Kumtuliza unahitaji uwe umewekeza pointi kwenye ushawishi, au uwe umemtafutia ile deraya, vazi la vita, ya ukoo wake. Mi sikufanya lolote, maana Shepard wangu huyu alikuwa askari tu, pointi zote kwenye bunduki, na ile misheni ya deraya nilisema ntaifanya baadaye. Ashley, askari mwenzangu, akampiga risasi mgongoni, jamaa kaanguka kwenye maji. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kulodi, naapa. Nikaacha. Na masaa mawili mbele, sehemu hiyo hiyo, lazima uchague kati ya Ashley na Kaidan, askari mwingine wa kikosi, nani abaki afe, na sasa uchaguzi ambao raundi mbili nilikuwa naufanya kwa kuangalia nani ana faida kwenye skwodi, safari hii nilikaa kimya pale kama dakika tano namwangalia mtu aliyemuua rafiki yangu.

Haya, twende gemu ya pili. Mordin, yule daktari wa jamii ya salarian anayeongea kama redio imebanwa, anakupeleka kwa mwanafunzi wake wa zamani Maelon, aliyekuwa anatafuta tiba ya krogan kwa kutesa watu mpaka kufa. Swali, zile data tuzitunze au tuzifute? Raundi ya kwanza nilitunza, bluu. Safari hii nimepita kwenye vile vyumba, nimeona zile maiti, nikasema futa. Sikufikiria mbele hata kidogo.

Gemu ya tatu ndo nikaona deni lake. Kwa sababu Wrex hayupo, krogan wanaongozwa na ndugu yake Wreav, ambaye anataka tiba ili akalipize kisasi kwa galaksi nzima na anasema hadharani wala hafichi. Kwa sababu data zilifutwa, yule mama wa krogan, Eve, mtu pekee mwenye busara pale, anakufa. Na unafika chini ya ule mnara, Mordin anataka kupanda kuachia tiba. Raundi ya kwanza alipanda huku anaimba, mnara ukalipuka nae, na mi nikalia kama wengine wote. Safari hii kikatokea kitu ambacho kama usipoharibu mambo yote mawili huwezi kukiona: nikamwambia, bila Wrex bila Eve, tiba hii ni vita. Na Mordin akanielewa. Akashuka. Yuko hai.

Na hapa nataka niwasifu hawa watu, kwa sababu gemu ya tatu walibadilisha ule mzani, bluu na nyekundu zote zinajaza mfuko mmoja wa heshima, kwahiyo mimi mchanganyaji kwa mara ya kwanza nilikuwa na nguvu ya kuongea kama mwenzangu malaika.

Lakini subiri. Mordin yuko hai, sawa, ila krogan wanashangilia tiba ambayo hawajapewa. Nimelidanganya taifa zima, linaenda kupigana vita yangu kwa ahadi hewa. Sasa nambie, hiyo ni bluu au nyekundu? Kuna njia nyingine ya kuikwepa tiba, Mordin akikataa kushuka unampiga risasi mgongoni, hiyo ni nyekundu haina mjadala, na ukifanya hivyo wakati Wrex yu hai anakuja kukufuata na yeye anaishia kuuawa. Mi sikuvuta bunduki, niliongea kwa upole kabisa, na bado usiku ule nilizima konsoli nikakaa tu.

Sio kila kitu kina uzito huo lakini, tusidanganyane. Mwisho wa gemu ya kwanza unaulizwa nani awe mjumbe wa binadamu kwenye Baraza la galaksi, Anderson au Udina, jambo zito linaletwa kwa mbwembwe zote, unafika gemu ya tatu Udina ndo yuko kwenye kiti hata ulimchagua nani. Yule malkia wa rachni, umemwachia au umemuua, rachni wanarudi tu, ila hapo angalau kuna ujanja, ukiwa ulimuua Reapers wametengeneza malkia wa bandia, na ukimhurumia huyo anakugeuka. Na Conrad Verner, yule shabiki wako msumbufu, gemu ya pili anakulaumu ulimtolea bunduki hata kama ulimbembeleza kama mtoto, ilikuwa hitilafu ya seivu, mpaka gemu ya tatu wakaigeuza kichekesho. Kuhusu ule mwisho wenyewe wa gemu ya tatu, unapochagua kati ya rangi tatu, watu walipiga kelele mpaka ikatoka nyongeza ya kuurefusha Juni 2012, na maoni yangu ni mafupi: hapo ndo mzani uliporudi kwa mlango wa nyuma, na mi siku hizi nahesabu gemu inaisha pale unapowaaga watu wako kwenye vifusi vya London.

Kwahiyo ununue? Nunua. Grafiki za ya kwanza sasa zinatazamika, zile lifti za Citadel, kile kituo kikubwa cha angani, hazikuchukulii tena nusu ya ujana wako, na mazungumzo ya humo unaweza kuyasikiliza au kuyaruka. Waliopenda kucheza na wenzao mtandaoni kwenye ya tatu, hiyo haimo. Ile kuchimbua madini sayari kwa sayari kwenye ya pili bado inachosha, raundi ya tatu nilifanya ya kunitosha meli tu.

Nimeshaanza raundi ya nne, sheria ile ile. Wrex yuko hai safari hii, deraya nimemtafutia mapema. Sasa nimekwama gemu ya pili, mabaharia wangu wametekwa wote na Collectors, maadui wakuu wa gemu hiyo, na anayejua gemu hii anajua, ukiondoka sasa hivi kuwafuata wanapona wote, ukifanya kwanza misheni hata moja nusu yao unawakuta wamekwisha, na Kelly, karani wangu wa melini, ni mmoja wao, unamwona kwa macho yako ndani ya kile chupa. Mi nilizubaa, Legion sijamfanyia misheni yake binafsi. Nikimwacha hivi anaweza kufa huko mbele ya safari, na amani kati ya geth na quarian inazidi kuwa nyembamba, mataifa mawili hayo. Nikimfanyia, Kelly ambaye alikuwa ananilishia samaki. Seivu iko pale kwenye ramani ya galaksi toka juzi, kontrola nimeiweka juu ya kabati.