Somalia ndani ya EAC: soko lifunguliwe mara moja au hatua kwa hatua?

Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwanachama wa nane. Sasa swali ni kasi.

Kwa bei, kufungua mara moja kunaonekana kushinda: saruji, sabuni na mafuta ya kula ya majirani huingia bila ushuru. Lakini tusisahau upande wa pili. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa zinazotoka nje yake una viwango vya 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35 kwa mia. Nchi inayonunua sana Uturuki, India na Ghuba inaweza kuona baadhi ya bei zikipanda.

Kwa mapato, hatua kwa hatua ni salama zaidi, kwani serikali ya Mogadishu inategemea mno ushuru wa bandarini. Viwanda navyo hupata nafasi ya kupumua. Mfano upo ndani ya Jumuiya: mwaka 2005 bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru, huku baadhi ya bidhaa za Kenya zikitozwa na nchi hizo mbili ushuru uliopungua kila mwaka hadi 2010. Nauheshimu mpango ule.

Kwa usimamizi, mara moja ni rahisi. Ratiba ndefu huzaa misamaha isiyokwisha.

Ukiuza jumla bidhaa za Kenya, utatamani haraka. Ukiwa na kiwanda kichanga, dai muda. Mfugaji anayeuza mbuzi Saudi Arabia atanufaika zaidi na vyeti vya afya ya mifugo vinavyoaminika kuliko ratiba yoyote kati ya hizi.