Tesita ya taa ya shilingi elfu saba: uzoefu wangu

Katika vifaa vyote vilivyomo kwenye buti la gari langu, ninachokithamini zaidi sasa hivi ni tesita ya taa niliyoinunua Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi elfu saba. Wengi mmeiona mikononi mwa mafundi umeme: umbo la bisibisi yenye ncha kali, balbu ndogo ndani ya mpini wa plastiki, na waya unaoishia kwenye kibano. Kibano unakibana kwenye chuma cha bodi au terminali hasi ya betri, ncha unaigusisha pale unapotaka kujua kama umeme umefika. Ukiwa umefika, balbu inawaka.

Niliinunua kwa sababu ya taa za nyuma. Naishi Kigamboni, karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Paking zote mbili za nyuma zilikuwa zinawaka, ya kulia pungufu kidogo tu, kiasi kwamba usingeitilia shaka. Lakini nikikanyaga breki huku paking zimewashwa, taa ya kulia inazimika kabisa. Yaani usiku, wakati ule ule ambao bodaboda aliye nyuma anatakiwa ajue kwamba nasimama, upande mmoja wa gari langu unapotea. Hilo lilinitisha kuliko faini ya trafiki.

Gereji moja walibadilisha balbu, kisha wakabadilisha swichi ya breki iliyo juu ya pedali. Hali ikabaki vile vile. Na kwa kweli swichi haikupaswa kushukiwa hata kidogo, maana ni moja kwa taa zote za breki. Ingekufa yenyewe, zingezimika zote kwa pamoja, kushoto, kulia na ile ya katikati kwenye kioo cha nyuma. Taa moja ikisumbua peke yake, tatizo liko karibu na taa hiyo.

Mita ya kidijiti ninayo pia. Waya mweusi kwenye bodi, mwekundu kwenye soketi, breki imekanyagwa: ikasoma volti 12 na ushei. Ikawa kama hakuna tatizo. Umeme ulikuwa unafika kweli, ila hiyo ni nusu ya safari, kwa sababu balbu haiwaki mpaka umeme upate njia ya kurudi betri. Hapo ndipo tesita ilipolipa gharama yake. Kibano nikakihamishia terminali chanya ya betri, kwa waya mrefu niliouunga, na ncha nikaigusisha kwenye mguu wa hasi wa soketi. Upande wa kushoto tesita iliwaka kwa nguvu. Kulia haikuwaka kabisa.

Nikafuata waya wa hasi hadi chini ya zulia la buti. Unafungwa kwenye bodi kwa bolti ya spana namba 10, na chini ya bolti ile kulikuwa na kutu ya kijani na kahawia. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Taa ikarudi. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili zinazowaka ndani yake, wa paking wati 5 na wa breki wati 21, zinazotumia hasi moja. Hasi ikikatika, umeme wa paking unapita kinyumenyume kwenye uzi wa breki na kurudi kupitia taa za breki zilizo nzima. Ukikanyaga breki, njia zote mbili za kuingia kwenye balbu zinakuwa na volti 12, hakuna tena pa kupita, na balbu inazima. Ukiona taa zinapungua kila indiketa inapopiga, anza na hasi pia.

Kwa fyuzi, tesita hii inarahisisha sana kazi. Fyuzi bapa nyingi zina vidoa viwili vya chuma juu. Rudisha kibano kwenye bodi, washa taa husika, gusa vyote viwili bila kuing'oa fyuzi. Vikiwasha vyote, ni nzima. Kikiwasha kimoja, imekatika. Kama imeandikwa 15, yaani ampea 15, iwekwe ya 15. Wanaofunga waya au karatasi ya sigara pale wanahatarisha gari lote kuungua, na naomba sana msikubali kufanyiwa hivyo.

Taa kubwa zinahitaji utulivu zaidi. Balbu ya H4 ina miguu mitatu, dimu wati 55 na fulu wati 60. Kwenye magari mengi ya Kijapani swichi inakata upande wa hasi, siyo chanya, kwa hiyo mguu wa pamoja ndio wenye umeme muda wote taa zikiwa zimewashwa. Asiyejua hilo atadhani nyaya zimegeuzwa. Taa yangu ya kushoto ilikuwa hafifu. Tesita ikawaka vizuri nyuma ya soketi na kwa unyonge mbele yake. Soketi yenyewe ilikuwa imeungua ndani, nikaweka mpya. Balbu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaifupishia maisha.

Kasoro zake ni za kweli. Waya ni mfupi mno kwa kazi ya nyuma ya gari, kibano ni dhaifu, na ncha ikitoboa waya inaacha tundu ambalo lazima ulifunge kwa tepu, hasa pwani. Na kamwe usiipeleke kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala soketi za njano za ea-bagi. Balbu yake inavuta umeme mwingi kuliko unaostahili kupita kule.

Nawashauri mnunue ile yenye balbu ya uzi, siyo ya LED, kwa kazi za taa. Mwombe muuzaji aijaribu kwenye betri mbele yako kabla hujalipa, na tikisa waya pale unapoingia mpini. Ikipepesa, chagua nyingine.