Fundi wa imeli aliyegawa ruhusa kama njugu

Nilitaka kuandika kwa upole. Kampuni iliyotufungia seva ya imeli hapa Tanga si wezi, seva haizimiki ovyo, na bei ilikuwa ya kiungwana. Lakini nikimkumbuka yule fundi wao napandwa na mori.

Ofisi yetu iko Ngamiani, tunawatolea watu mizigo bandarini. Tulikuwa wanne kwenye imeli moja, neno la siri moja, na kila anayeacha kazi anaondoka nalo kichwani. Nikaomba sanduku la pamoja, kila mtu aingie kwa jina lake, na kijana wetu wa fildi asome tu, asifute.

Fundi aliingia bila hodi. Shikamoo hakuna, akakalia kiti changu. Baada ya nusu saa: "Tayari." Nikamuuliza, yule kijana umempa ruhusa gani? Hata kunitazama hakunitazama: "Mama, mambo ya seva hata nikikueleza hutaelewa."

Wiki haikuisha. Kijana kaona simu yake imejaa, akafuta barua akidhani ni nakala zake, mpaka pipa la taka akalisafisha. Kumbe ni za ofisi nzima. Hati za shehena za mteja zimepotea, kontena lake limekaa bandarini, siku za kukaa hapo bure zinayoyoma.

Nikakaa na binti wa dada yangu anayesomea kompyuta. Ruhusa za IMAP, ile njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, ni herufi tu! Ukiwa na l unaliona folda, r unasoma, s unabakisha alama kwamba barua imesomwa, t unaitia alama ya kufutwa, e unaiondoa kabisa. Na a ndiyo ya kuwagawia wengine ruhusa, au kuwanyang'anya. Fundi alimpa kila mtu zote, a ikiwemo. Mtoto wa fildi angeweza kunifungia nje mimi niliyemwajiri! Tukamwachia l na r basi. Hata s tumemnyima, maana kwenye seva yetu alama hiyo ni ya wote: yeye akifungua barua mpya, sisi tunaipita tukidhani imeshashughulikiwa. Kazi ya dakika tano. Hayo ndiyo nisingeyaelewa?

Haki yao niwape. Nilipolalamika walimtuma mwingine, akabisha hodi, akaniamkia, akazirudisha barua nyingi kutoka kwenye bakapu, nakala za akiba za usiku. Nikalainika, nikasema nitawapa nyota nne.

Juzi jirani yangu mwenye duka la dawa kaniambia naye kafungiwa seva. Na nani? Na yuleyule. Kaingia bila hodi. Nimemwambia ampigie simu arudi, na asimruhusu kutoka mlangoni kabla hajamsomea ruhusa za kila mfanyakazi, herufi kwa herufi. Nyota nne nimezifuta. Moja inawatosha, na hiyo ni ya yule aliyebisha hodi.