CB-839: dawa haina neno, wakala simtaki tena

Dawa yenyewe naipa nyota tano. Aliyeniletea, hata moja naona namzawadia.

Tuliagiza kichupa cha miligramu 5 cha CB-839, dawa ya majaribio ya saratani, kwa ajili ya maabara yetu, kupitia wakala wa hapa Dar. Mzigo ukasota uwanja wa ndege wiki na wiki. Hayo nimeyazoea, na ikiwa bado unga mkavu inavumilia joto kuliko ikishayeyushwa. Kilichonimaliza ni siku ya kukabidhiwa. Kifuko kimechanwa, kifuniko kimekaa upande, na kijana wao anachekelea: "Dada, nilifungua nione kama kweli kuna kitu, maana ni kama hamna."

Jamani! Miligramu 5 ni vumbi, tena limeng'ang'ania kutani na ndani ya kifuniko. Ndiyo maana tunazungusha kwanza kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi ili unga ushuke chini, ndipo tunafungua. Ukiweka mikrolita 875 za DMSO, kile kiyeyushi chetu, unapata mkusanyiko wa milimola 10 kwa lita, ila hesabu hiyo inataka unga wote uwemo. Ukipeperuka hata kidogo, namba zote zinazofuata ni za kubuni. Nikampigia bosi wake. Eti, "Mdogo wangu, unalilia vumbi?" Akakata simu.

Nikaitumia hivyo hivyo, kwa hasira. Na kinachoniuma ni kwamba imefanya kazi! Seli za MDA-MB-231, zile za saratani ya matiti zisizo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2 kwa wingi, zinaishi kwa glutamini, aina ya asidi ya amino. Kimeng'enya cha glutaminesi kikizuiwa na CB-839 kuigeuza kuwa glutamati, zinadorora. Kisahani chenye dawa kilibaki na midia, yaani kimiminika cha kulishia seli, nyekundu. Cha jirani yake, kisicho na dawa, kilishageuka njano kwa asidi ya seli zilizojazana. T47D, seli za saratani ya matiti zenye vipokezi vya homoni, wala hazikushtuka, na ndivyo inavyotakiwa. Kwamba mwaka 2021 dawa hii ilionekana haijafua dafu kwenye jaribio la wagonjwa wa saratani ya figo, mimi halinihusu sana. Kwetu ni chombo cha kuulizia seli maswali, na inajibu vizuri mno.

Basi nyota nne kwa jumla? Hapana. Msimamizi wangu ameuliza dozi ilikuwa ngapi, nikabaki nimekodoa macho. Nashusha hadi mbili. Na ile ankara yao yenye "gharama za uangalizi maalumu" ipo mezani kwangu. Silipi hata senti mpaka waniletee kichupa kingine, kimefungwa.