Chumvi ya Ziwa Victoria? Uzoefu wangu na mafundi wa geti la umeme hapa Kisumu

Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, si ya chumvi. Yanavutwa pale Dunga, yanasafishwa, yanapelekwa majumbani, na watu wa Kisumu wanayapikia chai bila kulalamikia chumvi. Kwa hivyo kampuni inayoandika kwenye risiti "kuondoa chumvi ya ziwa" baada ya kushika geti la umeme lililoko Milimani inafaa iseme hiyo chumvi ilitoka wapi. Nilimuuliza fundi wao mkuu. Akachungulia nyuma yangu kuelekea mlangoni, akasema, "Madam, mzee yuko? Heri nimweleze yeye, haya ni mambo ya umeme."

Mzee angekuwepo angemwambia aniulize mimi.

Jina la kampuni naliacha, maana ujanja huu wa chumvi nimeusikia kwa zaidi ya kampuni moja tangu mvua ndefu zianze. Ninachotaka kijulikane ni kazi yenyewe ilivyofanywa.

Geti ni la kuteleza, mota ya DC (umeme wa betri) ya volti 24, betri mbili za volti 12. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: usiku wa mvua linajifungua lenyewe. Kukikauka linatulia, mvua ikirudi linafunguka tena saa nane za usiku, soja akiwa amejikunyata kibandani, na linabaki wazi mpaka mtu alione.

Geti la namna hiyo lina mshukiwa mmoja wa kwanza, nao ni waya zinazoleta amri ya kufungua. Kwenye bodi, ule ubongo wa geti, kuna terminali (vishikizo vya waya): ya pamoja na ya amri. Swichi ya ukutani, kibonyezo cha soja, intakomu, vyote hugusanisha hizo mbili kwa muda mfupi na bodi ikachukulia kwamba kuna aliyebonyeza. Maji yakiingia kwenye kiungo cha waya yanafanya kazi ileile ya kidole. Hapo bodi haina kosa lolote, imeamriwa tu.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Unazima stima kwenye swichi kuu, unachomoa na betri, kwa sababu mota ya DC inaweza kukuvuta vidole kwa nguvu ya betri peke yake. Unatoa waya za amri kwenye terminali zake na kufunika ncha kwa tepu. Unarudisha umeme, geti linatumia rimoti tu usiku mmoja wa mvua. Likitulia, bodi na risiva ya rimoti ni nzima, kosa liko kwenye waya. Kisha unaweka mita kwenye ohmu na kupima kati ya waya hizo mbili, zikiwa zimetolewa kwenye bodi na kwenye swichi. Waya mzima hausomi chochote. Waya uliokunywa maji unasoma kilo-ohmu chache, na kwa baadhi ya bodi hizo zinatosha kufungua geti.

Fundi mkuu hakutoa mita kwenye mkoba. Alifungua kifuniko, akaona terminali zimeota kijani, akatamka "chumvi" kabla hajachutama vizuri. Dawa: bodi mpya.

Sasa chumvi ipo, na inaua mageti kwelikweli, ila inayaua huko pwani. Upepo wa bahari hubeba matone madogo. Maji yakikauka chumvi inabaki juu ya chuma, nayo huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo sababu geti la Nyali au Diani huwa na ubichi hata siku ambayo haijanyesha. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hutoboa lile gamba jembamba linalolinda chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo skrubu za daraja la 304 hupata vidoa vya kahawia na mafundi wa huko wanaoheshimu kazi hutumia 316. Skrubu ya chuma ikifungwa moja kwa moja kwenye alumini bila washa ya plastiki, alumini inaliwa kuizunguka skrubu na kutoa unga mweupe. Koti la zinki kwenye reki, ile pau ya meno iliyofungwa kwenye geti, linageuka jeupe kwanza, kutu nyekundu inafuata. Na chumvi haichagui: kila kinachotazama upepo kinaliwa. Mtu wa pwani anaosha geti kwa maji baridi mara kwa mara, anakausha, anapaka grisi ya baharini kwenye beringi za magurudumu, na bado anajua vyuma vyake havitadumu kama vya bara.

Kwenye geti hili skrubu za kifuniko zilikuwa zinang'aa. Reki haikuwa na unga mweupe. Kitasa cha kuachia mota wakati stima imepotea kilizunguka bila kukwaruza. Kijani kilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya sanduku la bodi, na hata humo kilichagua: terminali za upande wa chanya zilikuwa zimelika, za hasi zilikuwa safi. Hiyo ni alama ya unyevu ukikutana na umeme wa DC uliowaka muda wote. Shaba ya chanya ndiyo inayoliwa. Chumvi ya hewani isingejua chanya ni ipi.

Nikasogeza pua. Siki.

Hapa ndipo hasira ilipopanda, na sijui kama imeshuka. Ile silikoni ya bafuni, inayonuka siki ikiwa bado mbichi, hutoa asidi ya asetiki inapokauka. Ukiipaka kwenye ukuta wa bafu si kitu, hewa inaondoa. Ukiimwaga ndani ya sanduku dogo halafu ukafunga kifuniko, mvuke wa asidi unabaki mle na unyevu, unakaa juu ya shaba, na shaba inaota kijani kibichi kizuri kabisa. Waliomwaga silikoni hiyo ni wao wenyewe, walipokuja kufanya servisi kabla ya mvua. Walinitoza pesa ya "kuziba bodi". Kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo chumvi ya ziwa ilitoka kwenye tyubu yao, na wakarudi kunitoza tena kuiondoa. Karibu na bodi inatumika silikoni ya nyutro, imeandikwa hivyo kwenye tyubu na hainuki siki. Tofauti ya bei si ya kumfanya mtu aharibu bodi ya watu.

Bodi mpya ikafungwa. Mvua ikanyesha wiki hiyohiyo, geti likajifungua. Nikapiga simu. "Madam, chumvi imeshaingia kwa bodi mpya. Hapo sasa tuangalie mota."

Siku chache! Hata Likoni, kule pwani, chumvi haina mbio hizo.

Sasa niseme la haki. Aliporudi alikuja na kijana wa kubeba ngazi, na huyo kijana ndiye aliyeuliza swali ambalo mkubwa wake hakuwahi kuuliza: "Madam, hii waya ya swichi ya soja imepita wapi?" Ilipita kwenye bustani ya maua. Akaifuata kwa mkono, akachimbua na bisibisi kando ya kibanda, kina cha kiganja tu, akatoa kiungo kilichofungwa tepu nyeusi. Tepu ilivuliwa ikatiririsha maji. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka nyeusi, na waya mbili zilikuwa zimeungwa sambamba, zikitenganishwa na hiyo tepu iliyoloa. Akapima kwa mita yake mwenyewe, ya bei rahisi, ya manjano. Kilo-ohmu tatu na kitu. Kiungo hicho walikifanya wao, kampuni hiyohiyo, walipohamisha kibonyezo cha soja.

Kijana hakuunga tena. Alivuta waya mzima usio na kiungo kutoka kwa bodi mpaka kwenye swichi, ndani ya paipu. Ndivyo inavyotakiwa. Ikibidi kuunga, kiungo kinakaa kwenye boksi juu ya ardhi, kimelehemiwa na kuvikwa mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, au kinatiwa kwenye viunganishi vilivyojaa jeli. Tepu ya umeme haizuii maji. Chini ya udongo inayashikilia.

Kijana huyohuyo alirekebisha na reki, ambayo mkubwa wake alikuwa ameipaka grisi mwanzo hadi mwisho kwa ukarimu mkubwa. Reki ya geti la kuteleza haipakwi grisi. Vumbi la murram linaganda humo, linakuwa msasa, na meno ya pinioni, gurudumu la mota linalosukuma reki, yanaisha. Aliifuta kavu, akalegeza skrubu, akapandisha reki mpaka pakawa na nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati yake na pinioni, akalisukuma geti kwa mkono urefu wote kuhakikisha nafasi haibadiliki. Uzito wa geti lazima ubebwe na magurudumu. Reki ikikalia pinioni, mhimili wa giaboksi unapinda pole pole, na siku giaboksi itakapolia utaambiwa ni chumvi.

Kazi hiyo ilikuwa safi. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, hata nne, na kusahau mambo ya mzee yuko wapi. Kisha nikainua kifuniko kuangalia walivyoacha ndani, nikakuta mdomo wa paipu ya waya uko wazi vilevile, unaingia mkono wa mtoto.

Adui wa geti la Kisumu anapanda kwenye paipu hiyo. Mchana ardhi ina joto, hewa yenye unyevu inapanda hadi ndani ya sanduku. Jioni mvua ikishuka kifuniko kinapoa ghafla, umande unaota upande wake wa ndani na kudondokea bodi. Njia hiyohiyo wanapita sisimizi, na nyuma ya sisimizi anakuja mjusi, ambaye akilala juu ya terminali mbili stima inamkaanga na bodi inakwenda naye. Mdomo wa paipu unazibwa kwa lile dongo la kuzibia paipu za waya, linalobaki laini ili siku nyingine uweze kulitoa. Usijaze povu. Na lile tundu dogo la chini la sanduku usilizibe hata ukiona mwanga unapita, ni la kutolea maji. Liwekee kipande cha wavu mdogo tu. Kuziba kila kitu ni kufungia unyevu ndani, na hilo ndilo kosa la watu wa tyubu.

Macho ya usalama, yale yanayozuia geti kufunga kukiwa na kitu njiani, ni habari nyingine, fupi. Vile vidudu vya ziwani vinapopanda na kufuata taa usiku vinajibandika kwenye lenzi, buibui naye anakuja kula na kutandaza utando. Geti linafunguka vizuri lakini linakataa kufunga. Kitambaa kikavu kinatosha. Fundi mkuu alitaka kuuza macho mapya. Nilikataa, nikafuta, yakafanya kazi mbele yake.

Na radi! Kwa eneo linalopigwa na radi kama hili letu, kutoka hapa hadi Kisii na Kakamega, kampuni ya mageti haikutaja hata mara moja kizuizi cha mawimbi ya umeme, wala haikuangalia kama kuna ati, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Bodi nyingi zaidi huku hufa kwa radi na kwa stima inayorudi na nguvu kuliko kwa kitu chochote kinachofanana na chumvi. Kizuizi kinakaa kwenye laini inayoingia, ati inashuka kwenye fimbo ya shaba ya mita 1.2 iliyopigwa karibu na mota, waya wake mfupi na usio na mizunguko. Bila ati, kizuizi ni pambo.

Bodi ya zamani walitaka kuondoka nayo, niliizuia. Imepigwa mswaki laini kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, imekauka kutwa nzima kwenye kivuli, terminali mbili zilizolika zimebadilishwa sokoni Kibuye, na imerudishwa kwenye mota kujaribiwa. Inafungua, inafunga, inapokea rimoti. Kwa hiyo nimenunua bodi mpya kwa sababu ya kiungo cha waya kilichofungwa tepu. Ni bodi nzuri, siisemi vibaya, na kuwa na ya akiba si hasara kwa mtu anayekaa chini ya mawingu haya. Lakini mimi sikuagiza akiba.

Nyota mbili basi. Moja ya reki, moja ya waya, zote za kijana, na kama ana simu yake binafsi na anafanya kazi Jumapili wateja atapata.

Wiki iliyopita wametuma ujumbe kwamba dhamana ya bodi mpya "haihusu uharibifu wa chumvi". Punguza nyota moja. Nimewajibu kwamba nataka pesa ya bodi, pesa ya kuziba kwa siki na pesa ya kuondoa chumvi, na waje wazibe paipu kwa dongo bila malipo. Wakirudisha ya bodi peke yake nitarudisha nyota niliyotoa. Kijana aje. Fundi mkuu asije.